Namna ya Kuingia Benki Bila Kutafuta Pesa

Kwanza kabisa, acha sururu nyumbani. Acha pia ile mashine ya kutafutia madini uliyoazima Maswa, na yule fundi wa kusoma alama kwenye mawe usimlipie nauli. Nayasema haya mapema kwa sababu kwetu Simiyu ukimwambia mtu kwamba iko nyumba iliyojaa karatasi za tangu zama za mkoloni, na kwamba nyumba yenyewe zamani ilikuwa benki, hakuulizi karatasi hizo zinasema nini. Anakusogelea, anapunguza sauti, anakuuliza mali imefukiwa wapi.

Simlaumu, maana tamaa hiyo ina mzizi. Mwaka 1916, vita vilipowabana Wajerumani na fedha zikawaishia, walifua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, kule Iramba, ambako kwa mtu wa Meatu ni kwa jirani tu. Habari ya namna hiyo ikishaingia kijijini haitoki, na mpaka leo iko mibuyu inayochimbuliwa mizizi na watu wenye ramani walizouziwa na wajanja.

Lakini Mjerumani alichokiacha kwa wingi kuliko dhahabu ni karatasi. Majalada ya utawala wake yako Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, na mwaka 1973 orodha yake ilichapishwa Marburg, Ujerumani, katika juzuu mbili. Hakuna haja ya kuyafukua. Unayaomba kaunta, unaletewa mezani, unasoma. Mwongozo huu ni kwa mtu wa Bariadi, Itilima, Busega, Maswa au Meatu anayetaka kwenda kuomba na kuletewa, na arudi amepata kitu.

Lamadi, mkono wa kushoto au wa kulia

Nyumba ya nyaraka iliyo ndani ya benki ya zamani, ninayotaka uione, iko Nairobi. Usishtuke. Ukitandika ramani mezani utaona kwamba kutoka Bariadi, Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam. Unashuka kwa lami hadi Lamadi, ziwa linakuwa mbele yako, na hapo njia inagawanyika. Kushoto ni Magu, Kisesa na Mwanza. Kulia ni Bunda, njia ya Musoma, Tarime na Sirari, na ukishavuka mpaka ni Migori, Kisii, Narok, kisha Nairobi yenyewe. Beba pasipoti au hati ya safari ya muda kutoka Uhamiaji. Beba michembe na karanga za njiani, ila uzimalize kabla ya kufika, nitakueleza kwa nini.

Nashauri safari yako ya kwanza iwe ya kushoto. Shuka Kisesa, panda hadi Bujora. Pale ndipo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyekuja miaka ya 1950 na ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, aliijenga Makumbusho ya Wasukuma pamoja na kanisa la duara. Ukiwa mtu wa Ntuzu, wa Kanadi au wa Dutwa, simama kwenye banda la vitu vya kitemi mbele ya zile ngoma na ujiulize swali moja tu: utemi wa kwetu ulikuwa chini ya nani, na nani aliandika? Usiondoke Bujora bila swali hilo. Mtu anayekwenda kwenye nyaraka bila swali huishia kupiga picha ngazi.

Ukiwa bado Lamadi, tazama upande wa Ghuba ya Speke. Ng'ambo yake ndiko Ukerewe, ambako Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mswada ule ulikaa. Haukupata mchapishaji kwa lugha yake, na mwenyewe akaugeuza kuwa Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1980, yeye akafariki 1981. Miaka 35 kitabu kizima cha maisha ya watu wa ziwa letu kiliishi kama bunda la karatasi, mikononi mwa mzee mmoja na marafiki wachache walioamini kina thamani. Moto mmoja wa jikoni ungetosha. Kila ninapoona mtu anafungia maandazi kwa karatasi ya daftari la zamani, moyo wangu unamkumbuka Kitereza.

Ngazi wanazosimama wote na mlango wanaoingia wachache

Tuseme umechagua kulia na umefika. Nyaraka za Kitaifa za Kenya ziko katikati kabisa ya jiji, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Huwezi kupotea, kwa sababu Nairobi nzima hukutania hapo. Wapenzi wanaambiana tukutane Archives, madeni yanalipwa Archives, mtu anayetoka shamba anaelekezwa asimame Archives mpaka binamu yake aje kumchukua. Maelfu hupita pale kila siku wakiwa na mgongo kwenye mlango. Wewe fanya kinyume: geuka, uipe barabara mgongo, uingie.

Jengo ni la mawe, na lilijengwa kwa ajili ya National Bank of India mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Moi Avenue ikiitwa Government Road na fedha ya nchi ikiwa rupia. Benki hiyo baadaye ilibadilika jina, na kutoka tumboni mwake, mwaka 1970, ikazaliwa Kenya Commercial Bank. Rupia zilizohesabiwa kwenye kaunta zile ziliondolewa ikaja florini mwaka 1920, na florini nayo ikaipisha shilingi mwaka uliofuata. Aliyejilimbikizia noti za wakati ule leo hawezi kununua nazo hata kikombe cha chai. Lakini barua aliyoandika karani wa wakati ule, akilalamika kwamba wananchi wa kijiji fulani wamegoma kulipa kodi ya kichwa, thamani yake inapanda kila mwaka, kwa sababu wajukuu wa wananchi wale sasa wanataka kujua majina.

Ndiyo maana naipenda fikra ya kuweka nyaraka kwenye benki ya zamani. Benki zilijengwa kwa hofu ya kweli: kuta nene, mlango mmoja wa maana, vyuma madirishani, chumba cha sefu kisichopitisha moto wala mvua. Karatasi inaogopa vitu vilevile inavyoogopa noti, yaani moto, maji, panya na mkono mrefu. Na benki ina tabia nyingine nzuri: inaandika nani ameweka nini, lini, na nani amekuja kukitoa. Mtunza nyaraka naye hawezi kufanya kazi bila daftari hilo.

Chini, kabla hujapanda ngazi, kuna Murumbi Gallery. Usiipite mbio. Joseph Murumbi, aliyezaliwa 1911 kwa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, akaacha siasa, akarudi kwenye alichokipenda: kukusanya. Alikusanya vinyago, nguo, mapambo, stempu za posta, na vitabu, vikiwemo vipatavyo 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa nje walikuwepo wenye fedha nzuri. Aliiuzia serikali ya Kenya, ili vitu vibaki nyumbani. Mtu wa Simiyu anayemiliki sanduku la barua za marehemu babu yake na kuwaza kuwauzia watalii stempu zake anapaswa kusimama mbele ya makabati yale kwa muda wa kutosha.

Salamu

Kwetu salamu inaanza na mwangaluka, inapita kwa mama, kwa watoto, kwa mvua, na haifungwi mpaka tumefika kwenye ng'ombe. Mlinzi wa mlangoni Nairobi ana watu kumi nyuma yako. Mpe salamu fupi, toa kitambulisho, sema unataka nini, lipa kinacholipwa.

Lakini ukishafika kwa mtunza nyaraka, hasa mwenye mvi, rudisha salamu ndefu yote. Mtendee kama ungemtendea mzee wa ukoo uliyemwendea kuuliza mpaka wa shamba: kaa, mwamkie, mweleze wewe ni mtoto wa nani na kijiji gani, kisha ndipo uulize. Nasema hivi si kwa adabu peke yake. Orodha iliyochapishwa inakupa namba za majalada. Mtu aliyefanya kazi miongoni mwa masanduku yale miaka mingi anajua ni jalada lipi liliwekwa kwenye kichwa kisicho chake, lipi limechanganywa na la wilaya ya jirani, na lipi lina karatasi tatu tu ingawa jina lake ni refu. Elimu hiyo haimo kwenye kompyuta yoyote. Inatoka kwa mtu aliyeona kwamba umemheshimu.

Mezani

Hapa ndipo wengi huharibu. Sasa sikiliza.

Kalamu ya wino inabaki mkobani. Unatumia penseli, kwa sababu wino ukimwagika au ukichora mstari kwenye barua ya mwaka 1927, umeandika historia kwa namna usiyoikusudia. Nawa mikono, kisha uikaushe vizuri. Zile glavu nyeupe unazoziona kwenye sinema za watu wanaogusa vitabu vya kale, kwa karatasi za kawaida hazisaidii sana. Kidole kilichovaa kitambaa hakihisi karatasi inapoanza kuchanika. Kidole kikavu na safi kinahisi.

Usilambe kidole kugeuza ukurasa. Najua ulivyofundishwa, najua mjomba wako anavyohesabu noti gulioni. Mate yana unyevu, unyevu unaleta ukungu, na ukungu ukishaanza kwenye jalada moja unahamia kwa majirani zake.

Michembe ndiyo hii sasa. Chembe moja ya chakula kwenye meza ya kusomea ni mwaliko kwa mende na panya, na wageni hao wakishamaliza michembe hupitia kwenye gundi ya vitabu. Kula nje, pangusa mikono, ndipo urudi.

Usiegemeze kiwiko juu ya jalada. Usiandikie juu yake. Na nakuomba kwa moyo wangu wote: usibadilishe mpangilio wa karatasi ndani ya jalada hata kama unaona zimekaa ovyo. Karani aliziweka moja juu ya nyingine kadiri zilivyoingia ofisini, na mpangilio ule ni ushahidi. Barua ya malalamiko ikitangulia barua ya amri, maana yake ni moja. Amri ikitangulia malalamiko, maana yake ni nyingine kabisa. Msomaji mmoja mwenye kupenda usafi anaweza kuua ushahidi huo kwa dakika mbili.

Picha piga kwa ruhusa tu. Na kila unaponakili kitu, andika namba ya jalada kabla ya kuandika neno lingine lolote. Kumbukumbu isiyo na namba ni sawa na hukuiona, maana hakuna mwingine atakayeweza kuirudia na kuhakiki.

Usiitafute Simiyu kwa jina la Simiyu

Hapa ndipo naona watu wa kwetu wanakata tamaa mapema, wakarudi nyumbani wakisema sisi hatumo. Tumo, ila kwa majina mengine. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, kwa kumega Shinyanga na kuchukua Busega kutoka upande wa Mwanza. Kabla ya hapo hakuna karani aliyefungua jalada lenye jina hilo kwa maana ya mkoa; ukilikuta, kuna uwezekano mkubwa linazungumzia mto. Bariadi yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. Kwa hiyo katika karatasi za Mwingereza tafuta Maswa, tafuta Jimbo la Ziwa, tafuta majina ya utemi: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Meatu. Kwenye karatasi za Kijerumani tafuta Muansa, maana ndivyo walivyoiandika Mwanza, na Ussukuma kwa s mbili. Jaribu kila tahajia inayoweza kumtoka mtu asiyejua lugha yetu anapoandika anachosikia kwa haraka.

Tafuta pia Malya. Pale ndipo Waingereza walipoweka makao ya Shirikisho la Watemi wa Usukuma baada ya Vita vya Pili, na mipango mingi ya mashamba, mifugo na matuta ilipitia huko. Kama babu yako aliwahi kulazimishwa kupunguza ng'ombe au kulima matuta, jambo hilo lilianza na karatasi.

Na mtafute Hans Cory. Huyu alizaliwa Vienna, akawa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, akakaa na wazee wa Usukuma akiandika. Kitabu chake kuhusu mtemi kilitoka 1951, na kile cha sheria na mila za Wasukuma kilitoka 1953. Karatasi zake, ambazo ni nyingi kuliko vitabu vyake, ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Namwambia kila kijana wa Ntuzu anayesoma Mlimani: unapita mbele ya mlango huo kila siku kwenda kuprinti kazi zako, ingia uulize kitu kimoja kuhusu kwenu.

Kama uko Nairobi na unajiuliza Mtanganyika anatafuta nini katika nyumba ya Kenya, kumbuka kwamba kuanzia 1948 huduma nyingi za pamoja za Afrika Mashariki ziliendeshwa kutoka mji huo. Reli, posta, na vita dhidi ya nzige havikusimama Sirari kuonyesha pasipoti.

Ukishalipata jalada lako, lisome ukijua limeandikwa na nani. Mkuu wa wilaya aliandika ili aonekane amefanya kazi. Anaweza kukupa hesabu ya marobota ya pamba mpaka la mwisho, lakini jina la mwanamke aliyepalilia shamba lile lisiwemo popote. Huo si mwisho wa utafiti. Chukua jina la kijiji na mwaka, rudi nao Bariadi, ukamuulize bibi yako. Karatasi inakupa tarehe, bibi anakupa watu.

Kwa nini uhangaike

Nikiulizwa kwa nini mkulima wa pamba aache shamba aende kusoma karatasi za watu waliokufa, nitajibu kwa kesi ya Mau Mau.

Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, watawala waliokuwa wakiondoka waliyachambua majalada. Mengine waliyachoma. Mengine waliyasafirisha hadi Uingereza. Kwa miongo mingi majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalikaa huko bila kutangazwa, katika eneo la serikali liitwalo Hanslope Park, pamoja na mengine ya makoloni 37, Tanganyika ikiwemo. Yalifichuka mwaka 2011, kwa sababu wazee wa Kenya, miongoni mwao Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, walikuwa wamekwenda mahakamani London kudai haki kwa mateso waliyopata katika kambi za Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Wanahistoria walishuhudia kwamba karatasi lazima ziko mahali, na serikali ikalazimika kukiri kwamba ziko. Mwezi Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na ikatamka majuto yake bungeni.

Wazee wale walikuwa na makovu. Walikuwa na kumbukumbu zisizotetereka. Bado ilichukua karatasi kuufanya upande wa pili ukae kimya na kusikiliza. Ndiyo sababu nakasirika, na sioni haya kusema, ninapoona masjala ya ofisi fulani imegeuzwa stoo ya viti vibovu, na majalada yamesukumwa kwenye kona inayovuja.

Ukirudi Bariadi

Sehemu hii ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna mlinzi wa kukuzuia usikosee.

Tazama pamba yetu. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na chama cha watu wengi ambao hawakupata shule kikawa cha kuhesabiwa Afrika nzima. Kila chama cha msingi kilikuwa na mizani, karani, daftari na mihuri. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikaviruhusu kurudi. Sasa fanya kazi ya mpelelezi: nenda kwenye chama chako cha msingi, uulize madaftari ya kabla ya 1976 yalikwenda wapi. Uliza kwa upole, uliza kwa watu watatu tofauti, na usikubali jibu la "yaliliwa na mchwa" mpaka umeonyeshwa kabati lenyewe. Mara nyingi mchwa hulaumiwa kwa kazi waliyoifanya binadamu.

Pita parokiani uulizie daftari la ubatizo la zamani kabisa. Pita Mahakama ya Mwanzo. Pita shule ya msingi yenye umri mkubwa uone kama bado wana daftari la uandikishaji. Huendi kuchukua kitu. Unakwenda kujua kipo, kiko katika hali gani, na nani ana ufunguo, kisha uandike hayo matatu kwenye daftari lako.

Nyumbani kwako, fungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Stakabadhi za pamba, kadi ya TANU, barua kutoka kwa mjomba aliyekuwa mgodini Mwadui, cheti cha darasa la nne. Usipeleke hata kimoja kwenye lamination. Najua kila steshenari mjini inafanya kwa bei nafuu, na najua kinatoka kinang'aa. Joto lile na gundi ile haviondoki tena, na karatasi iliyonaswa ndani haiwezi kutibiwa ikianza kuharibika. Usitumie solotepu pia. Inageuka njano na kula maandishi. Toa pini na klipu zote zenye kutu. Weka karatasi ndani ya bahasha safi, bahasha ndani ya boksi, boksi juu ya meza au rafu isiyogusana na ukuta wala sakafu, mbali na jiko. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani. Fanya hivyo wiki hii mama yako akiwa bado anawatambua waliosimama safu ya nyuma.

Halafu nenda kudai nyumba. Mji wowote wenye jengo la zamani la benki au la ushirika lenye kuta nene na chumba cha sefu una nusu ya makumbusho tayari. Bariadi ni makao makuu ya mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2, unaoongoza nchi kwa pamba, na historia yake iko Upanga, Mlimani, Bujora, Nairobi, London na Berlin. Natamani nakala zake zirudi zikae mahali ambapo mtoto wa Itilima anaweza kufika kwa nauli ya daladala. Mpelekee ombi hilo diwani wako kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo iweke kwenye boksi lilelile.

Mwisho, hesabu pamoja nami. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inafungua majalada ya serikali kwa wananchi baada ya miaka 30. Majalada ya kuanzishwa kwa mkoa wetu ni ya 2012, kwa hiyo yatafunguliwa 2042. Mwanafunzi atakayeyaomba kaunta siku hiyo yuko darasani sasa hivi, huenda Somanda, huenda Nkololo. Ukipita ofisi ya mkoa kwa shida zako za kawaida, muulize mtu wa masjala, kwa salamu ndefu, kama majalada ya mwaka 2012 yapo yote, yana namba, na kama paa la chumba kile linavuja.